Karatasi ya Kijiji Mbele ya Kaunta ya Polisi

Kando ya njia itokayo Mikumi kwenda Kilosa, mahali ambapo misitu ya miombo ingali karibu na nyumba za watu, na ngurumo ya malori ya barabara kuu imekwisha kupotea nyuma ya vilima, kiko kijiji ambacho ofisi yake ni chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, na ndani ya chumba hicho, katika kabati la mbao lisilo na kitasa, imehifadhiwa sheria. Mzee mmoja wa kamati ya maliasili ndiye aliyenifungulia kabati hilo. Alitoa bahasha kubwa ya khaki, akapangusa vumbi kwa kiganja, akatoa karatasi nane zilizoshikizwa kwa pini iliyoota kutu, akaniwekea mezani kwa taadhima ileile ambayo mtu huwa nayo aonyeshapo hati ya shamba aliloachiwa na wazazi wake. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na saini na muhuri wa halmashauri ya wilaya, wino wake umefifia. Kurasa za katikati zilikuwa zimelika na mchwa pembeni, lakini mchwa hawakufika kwenye maneno.

"Tuliijadili siku mbili chini ya mwembe ule," alisema. "Siku ya kwanza watu waligombana, siku ya pili wakakubaliana. Wilaya wakaigonga muhuri. Sasa nikienda nayo kituoni, mwanangu, naulizwa: mzee, hii ni nini?"

Akanihadithia. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo mgambo wawili wa kijiji waliwasimamisha usiku vijana watatu wenye pikipiki tatu, kila pikipiki imebeba magunia mawili ya mkaa yaliyojazwa rumbesa, wala hapakuwa na hata mmoja wao mwenye stakabadhi ya kijiji au kibali cha namna yoyote. Mkaa ule ulitoka ukingoni mwa kijito, mahali ambapo sheria ya kijiji, katika kifungu alichonionyesha kwa ukucha wa kidole gumba, imekataza kukata hata fito. Vijana wakapelekwa kituo cha polisi, ambacho sitakitaja, kwa nauli iliyotolewa katika mfuko wa kamati. Askari wa zamu akauliza kosa hilo liko katika sheria gani, akapewa karatasi, akaigeuza mbele na nyuma, kisha akasema kwamba yeye anasimamia sheria za nchi, ama hiyo ni ya kijiji, basi wakamalizane kijijini. Na kijijini hapana mahabusu, hapana mahakama, na mtu akikataa kulipa faini hapana mkono wa kumlazimisha. Siku ya pili yake asubuhi wale vijana walipita mbele ya ofisi ya kijiji kwa pikipiki zilezile. Hawakumtukana mtu. Walipita tu, na wanawake waliokuwa wakingoja zamu kisimani wakawatazama mpaka vumbi likatulia.

Nimelifikiri swali la askari yule siku nyingi tangu hapo, nami naona lastahili kujibiwa bayana na kwa ukamilifu, kwa kuwa haliulizwi katika kituo kimoja peke yake. Karatasi ile ni sheria ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, ihusuyo serikali za mitaa katika wilaya, imekipa kijiji mamlaka ya kujitungia sheria ndogo: halmashauri ya kijiji huandaa maneno yake, mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni baraza la wakazi wote waliotimia miaka 18, huyasikiliza na kuyatolea rai, muhtasari wa mkutano huambatanishwa, na halmashauri ya wilaya ikiisha kuridhia, maneno yale hayawi tena maombi ya wanakijiji wala maafikiano ya majirani, bali huwa amri yenye nguvu ya kisheria, ambayo mtu akiivunja huweza kufikishwa mbele ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo na kuhukumiwa. Katiba yenyewe, katika ibara ya 146, yasema kwamba madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kuwapelekea wananchi madaraka, na miongoni mwa kazi ilizozipa ni kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Basi mwenye kusema kwamba anasimamia sheria za nchi, na kwa hoja hiyo akaiacha sheria ya kijiji, amekitoa kijiji nje ya nchi, ilhali Bunge lenyewe ndilo lililokikabidhi kijiji kalamu.

Huenda msomaji wa mjini akadhani kwamba magunia sita ya mkaa ni jambo dogo la kuandikia makala. Laiti angeijua kazi iliyofichwa ndani ya kifungu kile kimoja. Tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa vya Kilosa, kama Ulaya Mbuyuni, Kitunduweta na Ihombwe, vimekuwa katika mpango wa kuvuna mkaa kwa taratibu, ulioanzishwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mtandao wa wanavijiji uitwao MJUMITA, kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Kijiji hutenga sehemu ndogo tu ya msitu wake kwa ajili ya mkaa, na sehemu hiyo hugawanywa kwa vitalu vya mita 50 kwa 50, kikavunwa kimoja na jirani yake kikaachwa, mfano wa ubao wa drafti, na kitalu kilichovunwa hakiguswi tena mpaka ipite miaka 24. Mti hukatwa juu ya ardhi, kisiki kikabaki hai, kikatoa machipukizi. Miti ya mbao kama mninga huachwa. Na kando ya mito hapakatwi kitu. Mchomaji hulipa ushuru kwa kila gunia, akapewa stakabadhi, na fedha ile huingia katika mfuko wa kijiji, na kwa fedha za namna hiyo yamejengwa madarasa na zahanati na visima ambavyo hapo zamani vilikuwa vikingojewa kutoka kwa wafadhili au kutoka Dodoma.

Miaka 24, msomaji. Yule mzee, kwa hesabu ya umri wake, hatakiona kitalu cha kwanza kikivunwa mara ya pili. Amekubali kujizuia katika mali iliyo mbele ya macho yake kwa ajili ya watoto ambao wengine hawajazaliwa, na hakuna kilichomshawishi kukubali isipokuwa ahadi kwamba kile anachokiacha yeye hakitachukuliwa na mwingine. Ahadi hiyo haiwezi kutimizwa na mgambo wawili wenye tochi na rungu. Madhali dola ndiyo yenye pingu, gari, mahabusu na mwendesha mashtaka, na madhali dola imemkataza mwanakijiji kujichukulia hukumu mkononi, na imefanya vyema kumkataza, hapana budi dola hiyohiyo imletee askari pale sheria yake ivunjwapo. Kumkataza mtu kujilinda, kisha kukataa kumlinda, ni dhuluma, na mimi sioni jina jingine la kuipa.

Nchi yetu ilikwisha kuonja matokeo ya dhuluma hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi katika Usukuma na Unyamwezi, na watu walipokata tamaa na vituo vya polisi na mahakama, walijiundia jeshi lao la sungusungu, lenye viongozi wake, kanuni zake, filimbi zake na adhabu zake. Ng'ombe wengi walirudi mazizini, na Mwalimu Nyerere aliliona jambo lile kwa jicho la huruma. Lakini katika mikono ileile iliyorudisha ng'ombe watu walipigwa, wengine wakatengwa na jamaa zao, na wengine wakauawa kwa tuhuma za uchawi. Mwaka 1989 Bunge likalileta sungusungu chini ya kivuli cha sheria kwa kuwapa walinzi wa jadi uwezo wa kukamata. Nawaheshimu wazee waliolianzisha, kwa kuwa walifanya walivyoweza katika siku za taabu; ila naamini kwamba kama polisi wa wakati ule wangeishika mikono ya vijiji tangu mapema, isingelazimu vijiji kuota mikono mingine.

Na hapa sina budi kusimama, nitazame upande wa pili wa shilingi, kwani yuko atakayeuliza, na ana haki ya kuuliza, je, kila kitu kitokacho kijijini na muhuri chastahili kupewa askari wa kukitekeleza? Sisi wa mkoa wa Morogoro tunalo jibu letu, na tulilipata kwa damu. Mwaka 1926, katika siku za Gavana Donald Cameron, serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya tawala za wenyeji, ambayo kwayo machifu walipewa uwezo wa kutoa amri na kanuni kwa watu wao. Amri hizo ziliitwa za wenyeji. Lakini aghalabu neno lilitoka katika ofisi ya bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, likapitia kinywani mwa chifu, likawafikia raia likiwa limevaa kanzu ya nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa Uluguru baada ya Vita Kuu ya Pili, watu walipolazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ya milima yao. Waluguru waliona kwa macho yao kwamba kazi ile ilikuwa ya kuvunja mgongo, na kwamba kuchimba kule kulifukua udongo mfu wa chini na kuufukia ule wenye rutuba, nao hawakuwa wamekaa mahali wakaulizwa. Mwezi wa Julai 1955, huko Matombo, umati ulipokusanyika kukataa, polisi waliitwa; mtu mmoja akauawa, na baada yake mpango wenyewe ukaachwa.

Polisi wa Matombo, kwa maneno ya vitabu vya serikali, walikuwa wakitekeleza kanuni za mamlaka ya wenyeji. Hapo ndipo ninapopata kipimo cha makala haya yote: sheria huwa ya jamii kwa kutungwa na wale itakaowafunga, wala haiwi ya jamii kwa jina lililoandikwa juu yake, au kwa kilemba cha aliyeitangaza. Karatasi ya mzee wangu wa Kilosa ilikuwa na kitu ambacho kanuni ya matuta haikuwa nacho, yaani siku ile ya kwanza ya ugomvi chini ya mwembe.

Lakini nani alikuwapo chini ya mwembe? Swali hili ni zito zaidi Kilosa kuliko mahali pengi, na anayeipenda wilaya ile hana ruhusa ya kulipita kwa haraka. Wilaya ya Kilosa ina Wasagara, Wavidunda na Wakaguru, ambao ni watu wa jembe na ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ina wageni wa siku nyingi walioletwa na reli, mashamba ya mkonge na miwa. Na ina Waparakuyo, Wamasai na Wabarbaigi waliokuja na mifugo yao kutafuta malisho katika mbuga za Mkata na kando ya mito. Mwezi Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa mashamba na ng'ombe ulifikia ukatili ambao hata leo watu wa Kilosa huutaja kwa sauti ya chini: watu 38 waliuawa. Watafiti waliokwenda baadaye wakaeleza kwamba miongoni mwa visababu vya msiba ule ilikuwa rushwa, kwani kila upande ulikwisha kuamini kwamba haki ya mwenziwe imenunuliwa. Mwanzoni mwa mwaka 2009 ikaja operesheni ya kuwaondoa wafugaji, na ng'ombe wakaswagwa, na faini zikatozwa, na familia zikatawanyika. Kijiji cha wafugaji cha Mabwegere kiligombana na jirani zake juu ya mipaka mpaka shauri likafika Mahakama ya Rufani, wafugaji wakapata haki yao. Na hata baada ya hukumu ya mahakama iliyo kubwa kuliko zote damu iliendelea kumwagika, maana hukumu nayo, kama sheria ndogo, hukaa kabatini mpaka apatikane wa kuitekeleza.

Sasa tufikiri kijiji chenye wakulima 900 na wafugaji 60, mkutano mkuu ukaitishwa siku ambayo wafugaji wako mbali na mifugo yao, sheria ikapita kwa mikono juu kwamba ng'ombe yeyote aonekanaye ng'ambo ya mto atozwe faini ya kumfilisi mwenyewe. Wilaya ikagonga muhuri. Je, askari aende kuikamata mifugo? Mimi nasema kwamba sheria ya namna hiyo ina kilema cha kuzaliwa, na kwamba mahali pa kukitibu ni kule wilayani kabla ya muhuri, mwanasheria wa halmashauri atakapoupekua muhtasari na kuuliza waliohudhuria ni kina nani, na waliokosekana walikosekana kwa nini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetuonyesha njia, iliposema kwamba mila zifuatwe katika mambo ya ardhi, ila mila imnyimayo mwanamke, mtoto au mlemavu haki yake isifuatwe. Kwa kipimo hichohicho sheria ndogo imnyimayo jirani mchache haki ya kusikilizwa isipewe muhuri. Lakini ikiisha kuupata muhuri kwa njia iliyonyooka, haimpasi askari wa kaunta kuipima upya kwa mizani ya moyo wake. Na aonaye amedhulumiwa nayo aende mahakamani, kama afanyavyo mtu mwingine yeyote aliyedhulumiwa na sheria nyingine yoyote.

Wala tusidhani kwamba tatizo hili ni letu peke yetu. Huko Kanada, nchi tajiri na yenye polisi wengi, jamii za watu wa asili zimelalamika kwa miaka kwamba sheria ndogo wanazozitunga kwa idhini ya Bunge lao, juu ya pombe, wavamizi na usalama wa makazi yao, polisi wa taifa hawazitekelezi, na waendesha mashtaka hawazichukui kwa kudhani si kazi yao. Mwaka 2021 kamati ya Bunge la nchi ile ilitoa taarifa nzima juu ya jambo hili moja. Nilipozisoma habari hizo nilimkumbuka mzee wa Kilosa na bahasha yake. Kule, hata hivyo, kuna mkanganyiko wa mikataba ya zamani, na wa madaraka kati ya mataifa hayo ya watu wa asili, serikali ya shirikisho na majimbo, ambao sisi hatuna. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo katika Umoja wa Mataifa mwaka 2007 lilipopitishwa azimio la haki za watu wa asili, ingawa ndani ya mipaka yetu tumeshika msimamo kwamba Waafrika wote wa nchi hii ni wenyeji. Ikiwa wote ni wenyeji, basi kila kijiji ni jamii ya wenyeji, na sheria ya kila kijiji yastahili hadhi hiyo. Polisi wetu ni mmoja, Bunge letu ni moja, na njia ya karatasi kutoka kijijini hadi mahakamani imekwisha kuchorwa. Kilichopunguka ni mwendo.

Najua pia taabu za polisi, wala sipendi wadhulumiwe katika maandishi yangu. Kituo kimoja cha vijijini huwa na askari wachache na eneo ambalo pikipiki haimalizi kwa siku nzima. Barabara kuu peke yake, inayokata Hifadhi ya Mikumi, huwapa ajali za kutosha. Na askari aliyehamishwa jana kutoka mkoa mwingine atajuaje kwamba kijiji cha tatu baada ya daraja kina sheria ya vijito? Hajapewa nakala. Hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote, kwa sababu dawa yake ni rahisi mno. Halmashauri igongapo muhuri, ipeleke nakala moja kwa mkuu wa polisi wa wilaya, moja katika kituo kilicho karibu, moja kwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, na kazi hiyo isiachiwe mzee mwenye bahasha. Jeshi la Polisi katika miaka ya karibuni limepeleka wakaguzi wake mpaka katika kata. Mkaguzi wa kata na ahudhurie mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hukutana kila miezi mitatu, akae kwenye benchi pamoja na watu, asikie sheria ikigombaniwa, aseme mapema kama kifungu fulani hakitekelezeki. Hapo, siku mgambo watakapomletea mtu, hatauliza hii ni nini. Na mabaraza ya kata, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2021 yamebakiwa na usuluhishi tu katika migogoro ya ardhi, yamezidi kuacha pengo ambalo sheria ndogo na Mahakama ya Mwanzo ndizo zitakazolijaza, la sivyo litajazwa na marungu.

Siku ile nilipoaga, mzee aliniomba niichukue sheria nikaitolee nakala Mikumi mjini, kwa kuwa kijijini hapakuwa na mashine. Nilisita kuichukua, maana ilikuwa moja tu. Naye akanihimiza, akaifunga vizuri kwa gazeti la zamani, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi idadi aitakayo: tano. Mwenye duka la vifaa vya ofisi alitoza kwa ukurasa, akalalamika kwamba muhuri hautoki vizuri, akaongeza wino mpaka ukaonekana. Nilirudi kijijini kesho yake, tukazihesabu kurasa mara mbili. Asili ikarudi kabatini. Na mchana mzee akapanda bodaboda na nakala moja ndani ya bahasha mpya mpaka kituoni, nami nyuma yake. Askari wa zamu hakuwa yule wa mwezi uliopita. Alikuwa msichana mwenye cheo kimoja begani. Alimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akaanza kusoma akiwa amesimama, na alipofika kwenye kifungu cha vijito akauliza, "Mita ngapi kutoka majini?" Mzee akamwambia. Akaandika pembeni kwa kalamu, akavuta kiti, akaendelea na ukurasa wa pili.